Kinga Inaposhushwa

Mwambie mgonjwa wa baridi yabisi kwamba dawa unayomwandikia "inapunguza kinga mwilini", na yanayofuata hatayasikia. UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Kirefu hicho tumekikariri tangu shuleni. Mtu alikuja na vidole vilivyovimba, anaondoka akidhani anapewa ugonjwa mwingine.

Istilahi ya Kiingereza ya kundi hili la dawa imeunganisha kinga na kukandamiza. Ukisema "vikandamiza kinga" unasikia virungu na maandamano. "Kufubaza" lingefaa, ila limekwishachukuliwa na dawa za kufubaza makali ya VVU, ambazo hufanya kazi ya kinyume: hudhoofisha kirusi ili kinga ipande. "Kutuliza" nalo ni tamu mno, linaficha hatari.

Mimi nachagua "kushusha". Dawa za kushusha presha na za kushusha sukari tunazijua, na tunajua pia kwamba presha na sukari zikishuka kupita kiasi mtu anaanguka. Neno lenyewe linakuja na tahadhari yake, na linadai vipimo.

Kwa nini kinga ishushwe? Kwa sababu katika baridi yabisi (jina linaloilaumu baridi bure) askari wa mwili huushambulia utando wa ndani wa viungo. Kiswahili kina "kinga" nyingine, ile ya ukuni unaowaka, ya "kinga na kinga ndipo moto uwakapo". Hapa maneno hayo mawili yanakaribia kuwa moja.

Mojawapo ya dawa hizi, adalimumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2002, huzuia protini iitwayo TNF. Protini hiyo huchochea uvimbe wa viungo, lakini hiyohiyo husaidia kuwazungushia ukuta bakteria wa kifua kikuu waliolala mapafuni, pengine kwa miaka mingi. Ukuta ukilegea, wanaamka. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa kifua kikuu kabla ya sindano ya kwanza, na katika Afrika Mashariki, ambako wengi wanabeba vijidudu hivyo bila kuugua, kipimo hicho si cha kuruka. Tofasitinibu, ya vidonge, huongeza uwezekano wa kupata mkanda wa jeshi. Na mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa onyo kali kuhusu shambulio la moyo, kiharusi, saratani na kuganda kwa damu.

Mambo kama hayo hayawezi kuitwa "maudhi madogo madogo", maneno yanayopendwa kliniki za uzazi wa mpango. Kichefuchefu ni maudhi. Kifua kikuu kilichoamka ni madhara, na kiitwe hivyo. "Athari" ibaki kwa jumla yake, njema na mbaya.

Methotreksati, kongwe na ya bei nafuu kuliko hizo, ndiyo wengi wataanza nayo. Hudai vipimo vya damu na ini, na haitumiki katika ujauzito. Hatari yake kubwa, hata hivyo, iko kwenye kalenda: kwa baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Mgonjwa akiimeza kila siku kwa makosa, uboho wa mifupa unaweza kuacha kutengeneza damu, na mtu akafa. Bahasha zetu za dawa zimezoea 1x3 na 1x2. Hesabu hiyo haina nafasi ya wiki. Mfamasia aandike siku yenyewe, kwa herufi kubwa: JUMATATU TU.