Kilomita 5,000: namba hii ilitoka wapi?

Ukimuuliza fundi wa Kitale au wa Bungoma, atakuambia neno lilelile: badilisha oili kila kilomita 5,000. Hata sisi tunaojibadilishia nyumbani tunaifuata namba hiyo. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na namba za aina hii nazijua. Unaikuta ndani ya programu ya zamani, haina maelezo, aliyeiweka aliondoka kitambo, na kila mtu anaogopa kuigusa. Basi leo tuifukue.

Ford Model T, iliyotengenezwa tangu 1908 hadi 1927, haikuwa na filta ya oili wala pampu yake. Oili za siku hizo hazikuwa na dawa za kuzuia masizi yasigande, kwa hiyo kumwaga mapema kulikuwa lazima. Filta ya Purolator ilikuja 1923, lakini si kila gari lililoipata. Volkswagen Beetle, gari lililozoeleka sana Kenya, kwa miaka mingi lilikuwa na chujio la waya tu na lita 2.5 za oili. Kipimo chake kilikuwa maili 3,000, yaani karibu kilomita 5,000. Hapo namba ilikuwa na sababu.

Mafuta nayo yalichangia. Salfa ikiungua huzaa asidi inayochosha oili. Dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni ilianza kutumika Kenya Januari 2015.

Leo vitabu vya Toyota nyingi za petroli zisizo na turbo, zilizouzwa Japani, husema kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Kwa mazingira magumu, ni 7,500 au miezi sita. Vumbi la murram, milima na safari fupifupi ni mazingira magumu, kwa hiyo huku kwetu shika 7,500. Yenye turbo ibaki kwenye 5,000.

Tupige hesabu. Gari linalotembea kilomita 30,000 kwa mwaka na kutumia lita 4 kila mara: kwa 5,000 ni lita 24, kwa 7,500 ni lita 16. Umeokoa lita 8 na filta mbili.

Huo ndio ubanaji wa kweli. Kurudishia filta ya zamani, au kununua oili ya kupimiwa isiyojulikana ilikotoka, ni kujiibia mwenyewe. Pasha injini kidogo, simamisha gari mahali tambarare, weka washa mpya, paka oili kwenye mpira wa filta, kisha kaza filta kwa mkono.

Na oili chafu? Wengi huipaka kwenye nguzo za ua kuzuia mchwa. Mvua ikinyesha, sehemu yake huoshwa hadi mtoni, na mto Nzoia unapita Trans Nzoia na Bungoma ukielekea Ziwa Victoria. Irudishe kwenye galoni, ufunge, uipeleke gereji inayokusanya.

Mimi huweka daftari garini: tarehe, kilomita, aina ya oili, na sababu ya namba niliyoichagua. Atakayelinunua gari hili asihangaike kufukua.