Mizani Ilisema Kabla ya Maabara

Liko swali linalowasumbua wengi wenye mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana nyumbani. Kwa nini watu wawili wapewe dawa ile ile, mmoja aihimili na mwingine ashindwe njiani?

Tuanze na dawa yenyewe. Ilikwisha kuonekana katika saratani ya ini la panya kwamba seli za ugonjwa hufyonza kwa wingi urasili, kitu ambacho seli hutumia kujijenga. Charles Heidelberger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, wakaichanganya na florini, na mwaka 1957 wakatangaza fluorourasili, sumu iliyovishwa kanzu ya chakula. Hadi leo ni nguzo ya tiba hiyo. Lakini dawa haichagui. Huumiza pia seli nzima za kinywa, tumbo na uboho.

Mwaka 1980 William DeWys na wenzake, huko huko Marekani, walitoa hesabu za wagonjwa 3,047 wa saratani mbalimbali. Kwa aina nyingi, waliokuwa wamekonda kabla ya kuanza dawa waliishi muda mfupi zaidi.

Kwa nini? Jibu moja lilitoka London mwaka 1998, katika hospitali ya Royal Marsden, kwa wagonjwa 1,555 wa saratani za njia ya chakula, utumbo mpana ukiwamo. Waliokonda walianzishiwa dozi ndogo, na bado wakapata madhara mengi na makali zaidi, kama vidonda vya kinywani. Kwa wastani walipata tiba pungufu kwa mwezi mmoja. Wale ambao uzito wao uliacha kushuka waliishi zaidi.

Damu nayo ina lake. Protini ijulikanayo kwa herufi CRP iligunduliwa New York mwaka 1930 kwa wagonjwa wa nimonia. Mwaka 2003 madaktari wa Glasgow, Uskoti, waliiunganisha na albumini kupima wagonjwa wa saratani ya mapafu, na baadaye kipimo kikahamia kwenye utumbo. CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita, na albumini ikiwa chini ya gramu 35, hali si njema. Zote hutengenezwa na ini. Mwili ukiwa vitani, ya kwanza hupanda na ya pili hushuka. Kwa hiyo albumini ndogo si lazima iwe ushahidi kwamba mgonjwa hakulishwa.

Tusidanganyane: kumshindilia mgonjwa chakula hakuigeuzi dawa kuwa kali zaidi kwa saratani. Lakini wapo wanaomnyima chakula wakidhani wanaiua saratani kwa njaa. Njaa humla mgonjwa kwanza. Ukiona nguo zinampwaya, mwambie daktari kabla ya dozi ijayo, na uombe apimwe uzito.