Safu ya Lugha: Mgomba usio na vinasaba
Kuanzia Bukoba hadi Muleba utasikia, “Sitaki migomba yenye vinasaba.” Kwani upo mgomba usio navyo? Neno limetokana na nasaba, la Kiarabu, yaani ukoo. Kinasaba hubeba urithi. Kilichotuchanganya ni “vinasaba” vya mafuta, kemikali inayotiwa kudhibiti uchakachuaji. Mmea uliobadilishwa maabara uite “uliobadilishwa vinasaba”.

Jeni nayo ni kipande cha kinasaba chenye kazi yake, mfano kuingiza potasiamu mizizini. Jenomu, yaani vinasaba vyote kwa pamoja, ya Musa acuminata, ukoo wa ebitoke (ndizi za kupika), ilichapishwa 2012: zamani ilijirudufu yote mara tatu. Nakala nyingi za jeni zilipotea, nyingine zikabaki, hata kupata kazi mpya. Huko ni kujirudufu, si kubadilishwa, maabara haikuwepo.