Damu Iliyotangulia Mguu

Mwaka 1831 daktari wa mifugo wa Ufaransa aitwaye Bouley aliandika habari za farasi wa kukokota gari aliyeanza mwendo vizuri, baada ya muda akachechemea, akipumzishwa anakuwa sawa, akiongozwa tena anachechemea tena. Alipopasuliwa baada ya kufa, mishipa ya kupeleka damu kwenye miguu ya nyuma ilikutwa imeziba. Mwaka 1858 Jean-Martin Charcot wa Paris akaeleza maumivu ya namna hiyohiyo kwa binadamu. Kuanzia hapo, kwa zaidi ya karne moja, waganga wengi waliutazama mguu kama fundi anavyotazama bomba: penye kuziba pazibuliwe au pazungukwe, kazi imekwisha. Ninavyoona mimi, kilichoivunja dhana hiyo ni vipimo vya damu vinavyoonyesha mchochota, yaani ule mwako unaouwasha mwili unapojihami dhidi ya jeraha au vimelea. Hiyo ndiyo heshima yao katika historia ya tiba. Anayevitaka vimtambue mgonjwa mmoja mmoja wa miguu anavitwisha mzigo usio wao.

Mwenye kujua historia atanipinga akisema kwamba Rudolf Virchow wa Ujerumani alikwisha kusema katika miaka ya 1850 kuwa kuta za mishipa inayoziba zina mchochota. Ni kweli, na alistahili kusikilizwa zaidi. Lakini Virchow aliisoma mishipa ya maiti. Hakuwa na njia ya kumchukua mtu mzima, anayetembea bila maumivu, akajua kama mwako huo umeshaanza ndani yake. Njia hiyo ilipatikana mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria miguu. Mwaka 1930, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, William Tillett na Thomas Francis walichanganya majimaji ya damu ya wagonjwa wa nimonia na kijenzi cha ukuta wa bakteria walichokiita C. Mchanganyiko ukafanya machicha. Mgonjwa alipopona, damu yake haikufanya machicha tena. Kilichokuwa kikishikamana na C ni protini ambayo ini huitengeneza kwa wingi mwili unaposhtuka, na ndiyo hii ambayo maabara zetu huiandika CRP. Kwa miaka mingi ilitumika kufuatilia maambukizi na homa ya baridi yabisi, kwa kiwango kikubwa kinachoonekana hata kwa vipimo hafifu.

Mabadiliko yalikuja vilipopatikana vipimo vyenye uwezo wa kusoma kiasi kidogo sana. Mtafiti Paul Ridker na wenzake waliirudia damu iliyohifadhiwa ya madaktari wanaume wa Marekani, watu 14,916 waliokuwa wazima walipoitoa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1998 walichapisha habari za 144 kati yao ambao baadaye waliugua mishipa ya miguu, wakiwalinganisha na wenzao 144 ambao hawakuugua. Kiwango cha kati cha CRP kwa waliougua kilikuwa miligramu 1.34 kwa lita. Kwa wenzao, 0.99. Robo ya watu wenye kiwango cha juu kabisa walikuwa na hatari takribani mara mbili ya robo ya chini. Tofauti hiyo ndogo inasema mambo mawili kwa pamoja. Inasema mwili mzima ulikuwa umeshaanza kuwaka kabla mguu haujalalamika. Inasema pia kwamba ukimpa daktari namba 1.34 pekee, hawezi kujua mwenye nayo yuko kundi lipi.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwenye jeni. Kama CRP ingekuwa inaziba mishipa, basi waliorithi jeni za kuipandisha maisha yao yote wangeugua zaidi. Uchunguzi wa watu zaidi ya 190,000 uliochapishwa mwaka 2011, kuhusu mishipa ya moyo, haukuona hivyo. Wengine wakahitimisha kuwa habari yote ya mchochota ilikuwa bure. Walikosea: CRP ni shahidi, na shahidi kutokuwa na hatia hakufuti tukio. Mwaka 2017 jaribio la CANTOS, lenye wagonjwa 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo, lilitumia dawa inayozuia mchochota bila kugusa kolesteroli. Kwa dozi ya miligramu 150, mashambulio ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 15. Gharama yake ilikuwa vifo zaidi vya maambukizi, jambo ambalo nchi zenye kifua kikuu kingi haziwezi kulipuuza.

Huku kwetu, ambako malaria na maambukizi mengine huipandisha CRP kwa siku chache tu, kuisoma kama habari ya mguu ni kujidanganya. Kipimo cha mguu kipo tangu mwaka 1950, daktari Travis Winsor alipolinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Ikiwa chini ya asilimia 90 ya ile ya mkono, mshipa una kasoro. Mwenye kisukari au mvutaji sigara ambaye shavu la mguu humuuma akitembea na kutulia akisimama, aombe kupimwa presha hiyo, na moyo wake uchunguzwe pia.