Mahadhi Yanayogusa Moyo: Kutoka New York hadi Mashamba na Machimbo ya Usukuma

Katika semina moja ya historia ya kazi niliwauliza wanafunzi wangu swali ambalo halimo katika muhtasari wa somo: katika muziki wa klasiki, ni mahadhi gani yanayomgusa mtu kuliko mengine yote? Wengi walitabasamu. Muziki huo, walisema, ni wa Wazungu na wa watu wenye nafasi. Nikawasikilizisha sehemu ya pili ya Simfonia ya 9 ya Antonín Dvořák, pale ambapo zumari moja yenye sauti nzito huimba peke yake, polepole, juu ya nyuzi zilizonyamazishwa. Ilipokwisha, kijana mmoja kutoka Kahama alisema, “Mwalimu, huu ni wimbo wa watu waliochoka.” Hakuwa amewahi kuusikia.

Kauli ile imenifuata tangu siku hiyo, kwa kuwa kihistoria kijana yule hakuwa mbali na ukweli. Dvořák, Mcheki, alifika Marekani mwaka 1892 kuongoza chuo cha muziki mjini New York. Humo alikutana na Harry Burleigh, kijana mweusi ambaye babu yake alikuwa mtumwa, na ambaye alimwimbia mara kwa mara nyimbo za kiroho zilizozaliwa katika mashamba ya watumwa. Simfonia ilipigwa kwa mara ya kwanza Desemba 1893. Mahadhi yale aliyatunga Dvořák mwenyewe, lakini mwaka 1922 mwanafunzi wake mmoja alipoyatilia maneno, watu wengi waliyachukua kuwa wimbo wa kale wa watumwa. Kosa hilo lina maana kubwa. Wasikilizaji walitambua jasho la shamba ndani ya ukumbi wa matajiri. Miaka michache baada ya Dvořák, kuanzia 1905, Béla Bartók na Zoltán Kodály walizunguka vijiji vya Hungaria wakirekodi nyimbo za wakulima, na utunzi wao ukajengwa juu ya nyimbo hizo.

Basi ndugu msomaji, kama ndivyo ulivyo muziki unaoitwa wa klasiki, kwa nini tunapofika Shinyanga na Geita tunabadilisha jina na kusema “ngoma za kienyeji”? Nadai kwamba Usukuma una klasiki yake, maana ya klasiki ikiwa ni kazi iliyopimwa na vizazi ikakubalika. Nadai pia kwamba mahadhi yake yanagusa kwa sababu yalifanya kazi: yalibeba mizigo ya watu.

Mizigo hiyo ilikuwa ya kweli. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa uti wa mgongo wa misafara kati ya bara na pwani. Mpagazi alitembea kwa miezi akiwa na pembe au vitambaa begani, na wimbo ndio uliopanga hatua zake na kumkumbusha nyumbani. Waliorudi walirudi na nyimbo, na nyimbo hizo ziliingia mashambani.

Shambani kulikuwa na elika, kikundi cha vijana waliolima kwa zamu mashamba ya wenzao chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Anayeelewa muziki kama burudani tu hawezi kuelewa elika. Ningi, yaani mtunzi na mwimbaji kiongozi, hurusha sauti. Safu nzima humjibu. Majembe huinuka pamoja na kushuka pamoja juu ya pigo la ngoma. Mtu aliyechoka hubebwa na pumzi ya wenzake. Shamba ambalo mjane angelilima peke yake kwa majuma huisha kwa siku moja. Nimewasikia wazee wakisema kwamba wimbo mzuri ni ule unaokufanya usahau jua. Sijui kama wahakiki wa Ulaya wana kipimo kikali kuliko hicho.

Kulikuwa na kipimo cha pili pia. Tangu karne ya 19 wachezaji wa Usukuma wamegawanyika katika jamii mbili zenye ushindani, Bagalu na Bagika. Baada ya mavuno makundi hayo huingia uwanjani kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni yule anayevuta umati upande wake. Wasikilizaji huamua kwa miguu yao. Ningi asiye na mahadhi ya kuwashika watu hubaki akiimbia uwanja mtupu, hata dawa zake ziwe kali namna gani. Nyimbo zilizopita katika tanuri hilo kwa miongo mingi zimepimwa vya kutosha.

Liko pia suala la lugha. Kisukuma ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Mtunzi wa Kisukuma kwa hiyo husikiliza kwanza neno linataka kwenda wapi. Nyimbo za dini zilizotafsiriwa zilikuja na mahadhi ya Ulaya yaliyokwisha kukamilika, na maneno yakalazimishwa kuyafuata. Sauti ikapanda pale ambapo neno lilitaka kushuka. Huenda ndiyo sababu bibi aliyeimba kanisani kwa heshima alitokwa na machozi alipoimba shambani. Kanisa Katoliki lilifungua mlango rasmi kwa muziki wa wenyeji katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa hati ya liturujia ya Desemba 1963. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alikuwa ameanza tangu miaka ya 1950 kuingiza ngoma na nyimbo za Kisukuma katika ibada.

Utawala wa kikoloni nao ulikutana na sauti za watu hawa. TANU ilizuiwa kufanya kazi Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958, lakini vikundi vya kilimo na vya ngoma viliendelea kukutana. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walikataa baraza la wilaya la mseto wa rangi walilopangiwa na serikali. Maelfu walikwenda hadi Mwanza kupeleka malalamiko yao, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Watu waliozoea kulima safu moja kwa sauti moja hawakuhitaji kufundishwa namna ya kusimama pamoja.

Kisha iko dhahabu. Mgodi wa Geita wa enzi ya ukoloni ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Kati ya miaka hiyo walikuja wachimbaji wadogo, na mwaka 1996 wale wa Bulyanhulu waliondolewa katika tukio ambalo hadi leo linabishaniwa. Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria msiba wa mchimbaji kijana aliyefukiwa katika duara baada ya matimba kuachia. Mama yake hakulia kwa kelele. Aliimba, akianza juu na kushuka taratibu kama mtu anayeteremka shimoni kwa kamba, akataja viatu vya mwanawe, tochi yake na deni alilokuwa anadai pale mwaloni. Wanawake wakamwitikia. Waliomwitikia walikuwa wakitumia umbo lilelile la elika: mmoja ameelemewa, wengine wanaubeba mzigo. Hakuna taarifa ya ajali niliyowahi kuisoma iliyonieleza uchimbaji mdogo kwa ukamilifu kama wimbo ule.

Hapa ndipo nina neno kwa watumishi wa umma wanaosoma safu hii. Katika ziara za viongozi tunaziita ngoma hizi zitumbuize kwa dakika kumi, kisha tunazinyamazisha ili hotuba zianze. Tunachukua mdundo na kuyaacha maneno. Elias Songoyi, katika tasnifu yake ya mwaka 1988 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichunguza waimbaji wawili, Kalikali na Mwinamila, na uhusiano wa msanii na dola. Swali hilo bado liko hai. Wimbo unaoruhusiwa kusifu tu hupoteza kwanza ukweli wake, na baadaye hata uzuri wake, kwa sababu haumbebei tena mtu yeyote mzigo.

Kwa wanafunzi wangu nimetoa kazi ya likizo. Kila anayekwenda Shinyanga, Kahama au Geita arekodi wimbo mmoja wa kazi au wa msiba, kwa ridhaa ya mwimbaji. Aandike maneno yake yote kwa Kisukuma, jina la mtunzi kama linajulikana, mahali, na kazi iliyokuwa ikifanyika wimbo ulipoimbwa. Kijana wa Kahama ameniambia ataanza na bibi yake. Nimemwomba aende mapema, maana bibi huyo ana miaka 84, na katika nyumba yao ndiye pekee anayezijua nyimbo za elika.