Tarehe ya Jana

Mwulize mzee yeyote wa Kibera jijini Nairobi jana ilikuwa siku gani, naye atakujibu pasina kutaamali; walakin mtake kijana wa Kawangware jijini humo aliyesomea ufundi wa kompyuta aiandikie mashine hati ya amri, ile iitwayo skripti ya sheli, ili ijitafutie tarehe ya jana, nawe utamwona akishika tama, maana mashine haina jana: inayo leo, na hesabu.

Taabu hiyo haikuzaliwa na kompyuta. Kibera, ambayo jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, ilikaliwa tangu mwanzo wa karne ya 20 na askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, hata mwaka 1918 serikali ikaitangaza kuwa ardhi ya jeshi. Na kwa kuwa askari hao walikuwa Waislamu, siku yao iliingia jua likichwa, na usiku wa Ijumaa kwao ulikuwa ule ambao karani wa reli, iliyofika Nairobi mwaka 1899, aliuandika daftarini kuwa Alhamisi, maadamu siku ya reli hugeuka saa sita usiku. Mtoto aliyezaliwa Makina, huko Kibera, baada ya sala ya magharibi, basi, alizaliwa leo kwa karani na kesho kwa babu yake. Tena mwezi wa Hijria una siku 29 au 30, kwa kufuata mwandamo, hivyo aulizwaye siku ya mwezi mosi kwamba jana ilikuwa tarehe ngapi hajibu kwa kutoa moja, bali kwa ushahidi wa watu walioitazama mbingu jioni ile. Mabaharia wa pwani walistarehe zaidi: mwaka wao wa Nairuzi ulikuwa na siku 365, umegawanywa kwa miongo ya siku kumikumi, wala haukujua siku ya nyongeza.

Kompyuta ilirithi siku ya reli. Mafundi wa zamani wa mfumo wa kompyuta uitwao Unix, ambao amri yao ya tarehe haikujua neno jana, iliwapasa kutoa moja katika tarehe, na wakipata sifuri wairudie siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia, na mwezi nao ukiwa sifuri warudi Desemba na mwaka upunguzwe; kisha Februari ikawangoja mlangoni, kwani mwaka 2000 ilikuwa na siku 29, ilhali mwaka 1900, reli ikiwa na umri wa miezi tu hapa Nairobi, ilikuwa na 28.

Wavivu, nami nawapenda, walibuni hila: waliidanganya mashine kwamba ipo katika mji ulio nyuma ya Greenwich kwa saa nyingi, nayo ikataja tarehe ya jana kwa moyo mweupe. Fundi wa London wakati wa baridi huandika 24. Nairobi, iliyo mbele kwa saa 3, sharti iandike 21. Na fundi wetu aliyenakili 24 bila kufikiri aliona hila ikifanya kazi mchana kutwa, lakini kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa, wakati ambao aghalabu hati hizo huamshwa zifunge hesabu, mashine ilimpa juzi.

Walio na mashine za siku hizi hutoa sekunde 86,400 na mambo yakaisha, maana Kenya haisogezi saa zake kwa majira. Uingereza, ambako Jumapili moja ya masika ina saa 23, hati hiyohiyo ikiamshwa nusu saa baada ya siku ifuatayo kuingia huiruka Jumapili hiyo nzima.

Hapa Kenya nako, huduma ya M-Pesa ya kutuma fedha kwa simu ilipozinduliwa Machi 2007, wakala wa mtaani aliandika kila muamala kwa mkono katika daftari, na tarehe kando yake. Wakala anayefunga duka la Kawangware saa saba usiku hujumlisha fedha za siku ambayo kwake haijaisha, kwa kuwa hajalala bado, na mashine iliyo mbele yake imekwisha kuiita jana.