Green Bay: mji mdogo wenye ekipe iliyotwaa ubingwa mara 13 Marekani

Katika mpira wa Marekani, ule unaobebwa mikononi na wenye umbo la yai, ekipe iliyotwaa ubingwa mara nyingi kuliko zote haitoki New York, wala Los Angeles, wala Chicago. Inatoka Green Bay, mji wa wakaaji 107,000 hivi katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa inchi, kando ya ziwa Michigan. Huko, wakati wa baridi kali, maji yanaganda mpaka watu wanatembea juu yake. Ekipe yenyewe inaitwa Packers. Imekuwa bingwa mara 13, na haina tajiri anayeimiliki. Wenye ekipe ni wakaaji wa mji pamoja na wapenzi wake waliotawanyika kila pahali.

Kwa msikilizaji asiyeujua mchezo huu: kila upande una watu 11. Wenye mpira wanapewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani mita tisa na kidogo. Wakishindwa, mpira unaenda kwa wengine. Anayefika nao mwisho wa uwanja anapata pointi sita. Wanagongana vikali, ndiyo sababu wanavaa kofia ngumu. Ligi yao inaitwa NFL, na fainali yake inajulikana kwa jina la Super Bowl.

Hapo ndipo ubishi wa hesabu unapoanzia. Super Bowl ya kwanza ilichezwa Januari 1967. Anayehesabu kutoka siku hiyo atasema wanaoongoza ni New England Patriots na Pittsburgh Steelers, kila mmoja vikombe sita. Hasemi uongo. Steelers, ekipe ya mji wa viwanda vya chuma, ilibeba vinne ndani ya misimu sita, kati ya 1974 na 1979. Patriots ilibeba vyote sita chini ya kocha Bill Belichick na mchezaji Tom Brady, kuanzia msimu wa 2001 hadi ule wa 2018. Lakini ligi ilianza mwaka 1920. Kufuta misimu 46 kwa sababu fainali ilikuwa bado haijapewa jina hilo ni sawa na kusema babu hakulima kwa kuwa hakuna aliyempiga picha shambani. Ligi yenyewe inaihesabu misimu ile, na kwa hesabu hiyo Green Bay wana 13, Chicago Bears 9, New York Giants 8.

Namna mji mdogo ulivyofika hapo ni habari ndefu, na ndani yake kuna shida za feza kuliko mpira.

Mwaka 1919 kijana mmoja wa Green Bay, Curly Lambeau, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya kufungasha nyama ndani ya makopo, Indian Packing Company. Pamoja na mwandishi wa gazeti, George Calhoun, aliunda ekipe, akaomba kampuni imsaidie jezi na vifaa. Walimpa dola 500. Ndiyo maana ekipe inaitwa Packers, yaani wafungashaji, mpaka leo, ijapokuwa kampuni ile ilitoweka zamani.

Mwaka 1921 waliingia katika ligi. Wakati ule ligi ilikuwa imejaa ekipe za miji midogo: Canton, Akron, Muncie, Rock Island, Decatur. Moja baada ya nyingine zikafa au zikahama. Ekipe ya Decatur ilienda Chicago na kuwa Bears. Ile ya Portsmouth, katika jimbo la Ohio, iliuzwa mwaka 1934 na kupelekwa Detroit. Green Bay nayo ilikuwa kwenye njia hiyo hiyo. Mwaka 1922 mvua ilifukuza watazamaji. Ekipe ilikuwa imelipia bima ya mvua, lakini maji yaliyopimwa siku moja ya mchezo yalipungua kidogo mno kuliko kiasi kilichoandikwa katika mkataba, na bima ikakataa kulipa. Mchezo mwingine mvua ikanyesha tena. Lambeau alitaka kuuvunja ili asiongeze hasara. Andrew Turnbull, mkubwa katika gazeti la mji, alimwambia acheze, halafu feza zitatafutwa.

Zilitafutwa kweli. Mwaka 1923 ekipe ilifanywa kuwa shirika lisilo la faida, na hisa zake, zile ambazo wengi huita aksioni, zikauzwa kwa watu wa kawaida: hisa 1,000, kila moja dola tano. Aliyenunua alitakiwa pia kununua tiketi za msimu. Wakubwa watano walioongoza kazi hiyo, Lambeau na Turnbull wakiwemo, pamoja na daktari, mwanasheria na mfanyabiashara wa vyakula, mji uliwapa jina la utani, Watano Wenye Njaa, kwa vile kila mara walikuwa wakipita kuomba mchango.

Katika karatasi za shirika waliweka sharti moja ambalo pengine ndilo kubwa kuliko ubingwa wowote uliofuata. Mwenye hisa hapati faida hata senti. Na kama siku moja ekipe itauzwa, feza zote zitakazobaki baada ya madeni zitaenda kwa chama cha askari wa zamani wa mji, zijenge ukumbusho wa askari. Hakuna wa kutajirika kwa kuiuza. Mwaka 1997 sharti lilibadilishwa ili feza ziende kwa mfuko wa misaada wa ekipe, lakini maana yake ilibaki vilevile.

Ubingwa ulifuata upesi: 1929, bila kushindwa hata mchezo mmoja, halafu 1930 na 1931. Wakati ule fainali haikuwepo, mwenye matokeo mazuri kuliko wote ndiye alikuwa bingwa. Lakini mtazamaji mmoja alianguka kutoka kwenye viti vya uwanja, akashitaki, akashinda dola 5,000, na kampuni ya bima iliyopaswa kulipa ikafilisika. Korti iliiweka ekipe chini ya msimamizi. Mwaka 1935 wakaaji walichanga tena, dola 15,000, katikati ya miaka ya njaa na ukosefu wa kazi kote Marekani. Mwaka uliofuata Packers walikuwa mabingwa, na tena 1939 na 1944.

Mwaka 1949 hali ikawa mbaya kabisa. Wengi waliamini ligi itaiacha Green Bay. Lambeau mwenyewe, mwanzilishi, alipendekeza shirika la wakaaji livunjwe na wawekezaji wachache waingie kutafuta faida. Viongozi walikataa. Siku chache kabla hajaondoka, Januari 1950, jumba walimokuwa wakiishi na kufanyia mazoezi, Rockwood Lodge, liliungua, na bima, safari hii, ikalipa: dola 75,000. Lambeau akahamia Chicago kufundisha ekipe nyingine. Hisa mpya zikauzwa kwa dola 25, zikaleta 118,000 hivi. Ni ajabu kidogo kwamba uwanja una jina lake leo, mtu ambaye mwishoni alitaka kuuvunja mpango uliouokoa. Lakini mji haukumsahau kwa yale ya mwanzo.

Uwanja huo nao ulipigiwa kura. Aprili 1956 wakaaji waliulizwa kama mji ukope feza za kuujenga. Aliyekuja kuwaomba wakubali alikuwa George Halas, mwenye Chicago Bears, adui mkubwa wa Packers tangu mwanzo. Alijua kwamba bila uwanja mpya Green Bay itakufa, na kwamba adui akifa, mchezo wake pia unapoteza ladha. Kura zikapita. Septemba 1957 uwanja ukafunguliwa, na mchezo wa kwanza Packers wakawafunga Bears hao hao 21 kwa 17.

Uwanja mpya haukuleta ushindi. Msimu wa 1958 walishinda mara moja tu. Ndipo mwaka 1959 akaja Vince Lombardi, mtoto wa mchinjaji nyama wa Brooklyn, mwenye asili ya Italia, ambaye alikuwa kocha msaidizi New York. Katika misimu tisa hakumaliza hata mmoja na hasara. Alichukua ubingwa 1961, 1962, 1965, 1966 na 1967, pamoja na Super Bowl mbili za kwanza. Kikombe cha Super Bowl leo kina jina lake.

Kuna jambo lake moja ambalo halitajwi mara nyingi kama vikombe. Alipofika, wachezaji weusi walikuwa wachache sana, na kupata nyumba ya kupanga mjini kulikuwa shida kwao. Lombardi aliwajulisha wenye mahoteli na baa kwamba pahali patakapomkataa mchezaji mweusi, ekipe nzima haitakanyaga. Mwaka 1961, walipoenda kucheza Georgia, jimbo la kusini ambako mahoteli yaliwatenga weusi, aliwalaza wote pamoja katika kambi ya jeshi, Fort Benning.

Fainali ya ligi ya 31 Desemba 1967 inakumbukwa kuliko zote. Baridi ilishuka hadi digrii 25 chini ya sifuri. Mitambo ya kupasha joto ardhi ya uwanja ilikufa, na filimbi za waamuzi ziliganda mpaka hazipulizwi tena. Zikiwa zimebaki sekunde 16, Dallas wakiongoza 17 kwa 14, Bart Starr aliubeba mpira mwenyewe, akajisukuma ndani kutoka umbali wa hatua moja tu. Watu 50,000 hivi walikuwa wamekaa wakitetemeka kuona.

Lakini upendo wa wakaaji peke yake usingetosha. Mwaka 1961 ekipe za ligi zilikubaliana kuuza haki za televisheni kwa pamoja na kugawana sawasawa, na sheria ya inchi ikaruhusu. New York, yenye watazamaji mamilioni, ikapokea sawa na Green Bay. Wenye ekipe za miji mikubwa walikubali kupoteza ili ligi nzima iishi. Bila mgawo huo, kuna uwezekano mkubwa kwamba Packers wangekuwa leo habari za zamani kama Canton.

Tofauti inaonekana ukitazama Baltimore. Mji huo ulikuwa na Colts, mabingwa wa 1958, 1959 na 1968, na washindi wa Super Bowl ya msimu wa 1970. Lakini Colts ilikuwa mali ya mtu mmoja. Usiku wa tarehe 28 Machi 1984, theluji ikianguka, malori yalifika, yakapakia vifaa vyote, na kabla ya mji kuamka ekipe ilikuwa njiani kuelekea Indianapolis. Mwenyewe aliogopa jimbo lisije likamnyang'anya kwa sheria. Miaka iliyofuata uwanja ule wa Baltimore haukuwa na ekipe ya ligi, na vikombe vile bado vinahesabiwa kwa Colts, huko viliko.

Green Bay walipita miaka karibu 25 ya ukame baada ya Lombardi, na hakuna aliyewahamisha. Walirudi msimu wa 1996 na Brett Favre na Reggie White, halafu ule wa 2010 na Aaron Rodgers, walipowafunga Pittsburgh, wale wa vikombe sita, 31 kwa 25.

Mtoto wa Kongo naye alivaa jezi hiyo. Andy Mulumba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Montreal, Canada, aliingia Packers mwaka 2013 na kukaa mpaka 2015, akiwa mlinzi. Alifika baada ya ubingwa wa mwisho, kwa hiyo hakubeba kikombe. Kabla yake mzaliwa mwingine wa Kinshasa, Tshimanga Biakabutuka, alicheza Carolina tangu 1996.

Leo wenye hisa ni zaidi ya watu 530,000, na uwanja una viti zaidi ya 81,000. Sheria za ligi zinakataza ekipe nyingine yoyote kumilikiwa namna hii, Packers wameachiwa kwa sababu walitangulia. Wako wanaocheka kwamba hisa ni karatasi ya kutundika ukutani tu, na kwa upande wa feza wana haki: haileti faida, haiuzwi sokoni, haimpi mtu hata tiketi. Inampa kura ya kuchagua viongozi. Anayehama Wisconsin anaondoka nayo, anapiga kura kutoka alipo, na akifa inaenda kwa watoto wake. Kila Julai wenye hisa wanaitwa kwenye mkutano, uwanjani, wanasomewa hesabu. Na theluji ikijaa kabla ya mchezo, ekipe inatangaza, na wakaaji wanakuja alfajiri na makoleo kuondoa theluji kati ya viti, kwa malipo ya saa.